Kazi ya Nani Hii? Daftari la Galari Ndogo Mjini Lamu

Mgeni akiingia galari mjini Lamu huuliza bei, kisha huuliza kama picha itaingia kwenye ndege. Maswali hayo nimeyazoea. Bei tumeiandika ukutani. Kuhusu ndege, nyingi zinazoruka kutoka Manda ni ndogo, kwa hiyo turubai kubwa tunaibandua kwenye fremu na kuiviringisha, upande wenye rangi ukiwa nje. Watu hushangaa, kwa kuwa wanadhani rangi ingesalimika zaidi ikiwa ndani. Ikiwa ndani hubanwa, na siku ya kukunjuliwa huwa imeshaingia mikunjo na nyufa. Juu yake tunaweka karatasi laini, kisha tunaitia kwenye bomba la plastiki, lile lile la mafundi wa maji, na safari inaanza.

Swali wasilouliza wengi ndilo lililonikalisha kuandika makala haya: kazi hii ni ya nani?

Nafanya kazi katika galari ndogo ya mtu binafsi upande wa Mkomani, vyumba viwili vya chini katika nyumba ya mawe. Si makumbusho, wala si duka la zawadi. Ni biashara. Tunapokea kazi za wasanii, tunaziuza, tunakata fungu letu, tunamlipa msanii lake. Na kadiri ninavyozidi kukaa kwenye shughuli hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kuta na taa na fremu huja baadaye. Kwanza daftari. Galari ipo ili jina la aliyeifanya kazi lisidondoke njiani, kati ya mkono wake na ukuta wa mnunuzi.

Hata hivyo kuta zina mambo yake, na anayedhani kutundika picha ni kupigilia msumari hajakaa kwenye nyumba ya Lamu. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene ajabu, na lipu ya zamani ikiguswa na msumari hubomoka vipande vipande. Tumepitisha ubao mrefu juu, karibu na boriti, na picha zinaning'inia kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene. Nyuma ya kila fremu, kwenye pembe za chini, tumegundisha vipande vya kizibo ili hewa ipite. Bila hivyo, mvua za Aprili na Mei zikianza na kusi ikishika, unyevu hutoka ukutani pamoja na chumvi yake, na mgongo wa turubai huota kuvu. Kazi za karatasi ndizo zinazoumia zaidi. Hizo hatuziweki kabisa kwenye ukuta unaopigwa na mvua, na kila zikishushwa tunazipindua tukatazama nyuma kabla ya kutazama mbele. Mchwa nao hawana msimu.

Kwa kweli watu wa mji huu walijua kuonyesha vitu vizuri tangu zamani. Nenda ukaone nyumba za kale zilivyopangwa, vile vidaka vilivyochongwa kwa lipu ukuta mzima, safu juu ya safu, vikiwekwa sahani za kaure zilizokuja na majahazi. Mwenye nyumba alichagua nini kiwe juu na nini kiwe chini, mgeni akiketi aone nini kwanza. Ninapopanga ukuta wa maonyesho sihisi kwamba najifunza jambo la kigeni.

Ukitoka Mkunguni, pale mbele ya ngome, ukashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea Langoni, utapita maduka mengi yanayouza vinyago, vikoi, mashua ndogo za mbao na picha za punda. Siyadharau maduka hayo. Yamelisha nyumba nyingi. Mchoraji anakuja asubuhi na picha zake, anahesabiwa pesa mkononi, na jioni watoto wanakula. Galari haina uwezo wa kumfanyia hivyo. Sisi tunachukua kazi kwa amana: inabaki kuwa mali yake mpaka iuzwe, na isipouzwa katika muda tuliokubaliana anaichukua. Tofauti nyingine ni kwamba picha ikishanunuliwa na duka, huwa ya duka. Jina hufutika hapo hapo. Nimeona mkono wa kijana ninayemfahamu, anayepaka rangi juu ya matanga makuukuu ya mashua, umetundikwa dukani mahali pengine na muuzaji anamwambia mteja, "Hii ni kazi ya Lamu." Ya Lamu, sawa. Lakini Lamu haijawahi kushika brashi.

Kijana huyo huyo ndiye aliyenibana kuhusu fungu letu. Kawaida ya galari nyingi duniani ni nusu kwa nusu, na zipo zinazochukua asilimia 40 au 30. Alipoisikia nusu aliuliza, "Kwani dada, wewe umepaka upande gani?" Ni swali la haki, na msanii asiyeliuliza anahofisha. Nikamfungulia hesabu: kodi ya nyumba, umeme, fremu, mtu wa kukaa mlangoni, usafirishaji, na miezi ambayo hakiuzwi kitu lakini kodi inadaiwa vile vile. Lamu inaijua miezi hiyo, na inaijua miaka pia. Mwaka 2011 watalii walitekwa nyara Kiwayu na Manda, hoteli zikabaki na walinzi. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti ikawekwa chini ya kafyu ya usiku. Mwaka 2020 ikaja korona. Mara zote tatu waliokuwa wakitegemea mgeni wa kuja na ndege walifunga milango, na wengine hawakuifungua tena.

Hesabu aliikubali, lakini alitaka kujua anachopata zaidi ya kutundikiwa. Hapo ndipo nikamfungulia daftari lenyewe. Kila kazi ina mstari wake: jina la msanii kama anavyotaka liandikwe, mwaka, nyenzo, kipimo kwa sentimita, bei, siku iliyopokelewa, aliyenunua na anakoishi, siku msanii aliyolipwa. Tunaipiga picha mbele na nyuma. Mnunuzi anaondoka na hati yenye maelezo hayo hayo, msanii anabaki na nakala. Galari inayokata nusu ikamficha msanii jina la mnunuzi, au ikamlipa baada ya kumzungusha miezi na miezi, imemla, hata kuta zake ziwe nyeupe namna gani. Sina neno jingine la kuliita jambo hilo.

Daftari si urasimu wangu tu. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2019 yalimpa msanii haki ya kupata asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Ufaransa walianza na sheria ya namna hiyo mwaka 1920. Sasa fikiria: picha imenunuliwa hapa kwetu na mtu wa Nairobi kwa bei anayoweza kulipa mwalimu wa shule. Miaka inapita, mchoraji anajulikana, picha inapelekwa mnadani. Na minada ipo, tangu 2013 Nairobi kumekuwa na mnada wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki unaoendeshwa na Circle Art, galari ya huko huko. Nyundo ikishapigwa, nani atamtafuta kijana wa Langoni kumpa asilimia zake 5? Sheria imempa haki, lakini haiwezi kumtambua mtu ambaye hakuandikwa popote. Bila jina, bila mwaka, bila picha ya mgongo wa turubai, hana la kushika.

Na biashara hii nchini haikuanza jana, japo tunaongea kana kwamba kila galari mpya ni ya kwanza. Paa ya Paa ilifunguliwa Nairobi mwaka 1965, Elimo Njau akiwa miongoni mwa waasisi wake, wakitaka Waafrika wenyewe waonyeshe kazi zao na kuzizungumzia. Moto uliiteketeza mwaka 1997, na kazi nyingi zikaenda na moto huo. Gallery Watatu ilianzishwa mwaka 1969 na watu watatu, ndiyo sababu ya jina lake, na mmoja wao, Yony Waite, ni mchoraji aliyeifanya Lamu kuwa moja ya makazi yake ya kazi. Kwa hiyo uzi wa kutoka galari za Nairobi hadi vichochoro vyetu ni wa miaka mingi. Ninapousoma moto wa 1997 ninachofikiria ni nakala. Daftari letu lina nakala mbili, na moja haikai ndani ya nyumba hii.

Lakini mtu aliyenifunza zaidi kuhusu majina hakuwa mchoraji. Ni mzee mmoja mchongaji, rafiki wa marehemu baba, mtu wa patasi na kekee tangu utotoni. Nilimwomba mbao za nakshi kwa ajili ya maonyesho ya kaskazi, si milango, mbao tupu za mbambakofi, kila moja na nakshi yake. Akaja nazo zimefungwa kwa gunia juu ya punda. Tukaziegemeza ukutani. Ukizitazama kwa mbali unaona maua na mizabibu kama ya mlango wowote. Ukisogea, unaona kila jani lina mshipa wa katikati uliokatwa kwa mpigo mmoja, bila kurudia, na pale jani linapojipinda ukingo wake umeachwa mnene kidogo ili kivuli kikae. Akanionyesha kwa ukucha: hapa patasi imeingia kwa kulala, hapa imesimama. Kwenye ubao mmoja mti ulikuwa na fundo, naye hakulikwepa, alilizungushia ua.

Nikafungua daftari. "Ami, jina tuliandike vipi?"

Akanitazama. "Ina la nini, mwanangu? Mkono si wajionesha?"

"Wajionesha kwako wewe, ami, na kwa wenzio. Aliye Mombasa je? Aliye Nairobi?"

Akanyamaza, akapangusa vumbi la mbao kwenye kanzu. "Haya, andika. Lakini uandike na la baba, maana ndiye aliyenifunda."

Tukaandika mawili. Kibandiko cha ukutani kina jina lake, na chini yake jina la baba yake aliyemfunza. Tangu siku hiyo kila mchongaji anayeleta kazi namuuliza: nani alikupa patasi? Wanapenda kuulizwa. Wachoraji nao nimeanza kuwauliza, ingawa kwao majibu huwa mafupi zaidi, wengi wamejifunza kwenye simu na kwa kuwatazama wachoraji wa Ulaya na wa Nairobi wanaokuja kwa tamasha la wachoraji, wakiketi Shela na pwani ya mji na viti vyao vya kukunja.

Watu wengine huniambia kwamba sanaa ya Lamu ni ya jamii, haina mwenyewe, na kwamba kuandika jina ni kuleta ubinafsi wa kigeni. Sikubaliani nao hata kidogo. Siyu, kule kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili wa misahafu waliofanya kazi ya wino mweusi na mwekundu ambayo watu bado wanasafiri kuja kuitazama. Na katika maandiko ya Kiislamu aghalabu mwandishi hufunga kazi kwa kuandika mwishoni jina lake, na la baba yake, na siku aliyomaliza, akiomba dua. Huo ni ubinafsi? Yule mzee alipodai jina la baba yake liandikwe alikuwa anafuata njia iliyopo. Wachongaji walikuwa na majina pia. Hayakuandikwa kwa sababu mwenye nyumba alimjua fundi, na mtaa mzima ulimjua, na hapakuwa na mtu wa kuja kuuliza kutoka mbali. Sasa kazi inaondoka, inaishi mahali ambapo hakuna mtaa wa kuieleza.

Kuhusu milango yenyewe, naomba nieleweke, maana maombi hayaishi. Mlango wa kale hatuuzi, wala fremu yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa inalinda mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kabla ya 1946, na mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Lakini hata sheria isingekuwepo, nyumba iliyong'olewa mlango wake inaumiza macho. Anayetaka nakshi, fundi yupo hai, ana mbao, ana watoto wa kusomesha. Aagize mpya.

Bei ni jambo ambalo tumegombana nalo kuliko yote. Galari yetu ina bei moja. Ile iliyo kwenye kibandiko ndiyo anayolipa Mwitaliano, ndiyo anayolipa mtu wa Mkomani, na ndiyo msanii anayopaswa kumtajia mtu atakayemfuata nyumbani kwake. Hili la mwisho ni gumu. Mteja anaona kazi kwetu, anakwenda kumtafuta msanii kichochoroni, anampa theluthi mbili taslimu. Msanii anaona amepata zaidi ya nusu, kwa nini akatae? Kwa sababu kesho mteja yule atawaambia wenzake, na bei ya msanii imeshuka kwa kila mtu, kwake yeye kwanza. Wapo walioelewa, wapo tuliotengana. Na kupatana bei ni mila yetu sokoni, naiheshimu, ila kwa msanii inaumiza: mwenye maneno mengi anapata nafuu, na yule mpole ndiye anayelipa kamili. Mtu wa Lamu asiye na pesa zote leo tunamwachia alipe kidogo kidogo, bei ile ile.

Na wenyeji hao ndio wamebadilisha galari yetu. Tulipoanza, kuta zilikuwa za punda na mashua na wanawake wa buibui waliogeuza mgongo. Picha hizo za migongo zinanichosha, nasema wazi. Ni mama zetu na dada zetu, wana nyuso na shughuli, na mchoraji aliyezaliwa hapa anamchora mama yake kama kivuli kwa sababu ndivyo mteja alivyozoea kununua. Nyumba nyingi za hapa hazitundiki picha za watu kwa sababu za dini, hilo ni jambo lingine na nalipa heshima yake. Kinachotundikwa ni khati. Tulipoweka khati kwa mara ya kwanza, aya iliyoandikwa kwa wino wa hudhurungi juu ya ubao mwembamba, wenyeji walianza kuvuka kizingiti. Mama mmoja wa Langoni alikuja akitayarisha nyumba kwa harusi ya binti yake. Alisimama mbele ya aya akaisoma taratibu, herufi kwa herufi, akatafuta kosa. Hakulipata. Ndipo akauliza bei, na baada ya bei akauliza, "Kaiandika mwana wa nani?" Nikamtajia. "Namjua nyanya yake," akasema, akatoa malipo ya kwanza.

Sasa khati na nakshi ndizo zinazotushikilia miezi ya mvua, wakati wageni hawapo. Sijui galari nyingine mjini zinapangaje mambo yao, ila kama wewe unafikiria kufungua ya kwako, Lamu au Malindi au popote pwani, usimpangie ukuta mgeni peke yake. Mjue fundi wa chokaa aliye karibu. Andika mkataba wa amana kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, msanii ausome mwenyewe. Mlipe ndani ya wiki ile ile kazi yake ilipouzwa, usingoje akuulize.

Kwa maonyesho ya kaskazi ijayo tunatayarisha ukuta mmoja usio na kitu cha kuuzwa. Utakuwa na picha za milango na viti na masanduku ya nyumbani kwenu, na chini ya kila picha jina la aliyekichonga. Kama nyumbani kwako kuna kazi ya namna hiyo na bado yupo mzee anayekumbuka fundi wake, muulize wiki hii. Tuletee picha ya simu, jina la fundi, mtaa wake, na jina la aliyemfunza kama linajulikana. Mwaka usipopatikana, tuambie nyumba ilijengwa na nani au ilikuwa harusi ya nani, tutapiga hesabu kuanzia hapo. Kitu chenyewe kibaki kwako.